Kivuli cha Kiatu cha Kushoto

Hadi nilipofika miaka tisa sikujua kwamba mguu wa kushoto wa mama yangu ni mfupi kuliko wa kulia. Nilijua tu kwamba anatembea taratibu, na nilidhani hivyo ndivyo watu wenye heshima zao wanavyotembea. Siku niliyojua nilikuwa nimejificha chini ya kitanda tukicheza kibemasa, viatu vyake vikiwa mbele ya pua yangu. Kwa kukosa kazi nikavipima kwa vidole. Soli ya kulia, kidole kimoja. Soli ya kushoto, vidole vinne.

Nikatoka mbio na kile kiatu mkononi, natangaza nyumba nzima kama mnadi wa sokoni. Aliyenidaka mlangoni hakuwa mama, bali dada yake, mama mkubwa, aliyekuwa amekuja kututembelea. Alininyang'anya kiatu, akakipangusa kwa pindo la nguo yake, akaniuliza, "Ndiyo kwanza unaona leo?"

"Ndiyo."

"Miaka tisa unaishi naye nyumba moja?"

"Ndiyo."

Akatabasamu hadi jino lake la pembeni likaonekana. "Basi kazi yangu si mbaya."

Habari hii ni ya huyo mama mkubwa. Ameniruhusu niiandike kwa sharti moja, kwamba nisimfanye malaika. Nimekubali bila taabu, maana malaika hawatukani kompresa.

Kazi yake ni kutia rangi viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Karakana anayofanyia kazi ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha kubwa upande mmoja. Karibu na mlango anakaa fundi anayejenga soli zilizoinuliwa, mzee mwenye mzaha ambaye vidole vyake havijawahi kuwa safi tangu nimjue, ndiyo maana kila mtu anamwita Gundi. Kiatu kikitoka kwa Gundi kinakuwa kimekamilika kwa mguu, lakini bado kinapiga kelele kwa macho ya watu. Mama mkubwa ndiye anayekinyamazisha. Wateja wanamwita Fundi Kivuli.

Namna anavyofanya ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Soli nene hufunikwa ngozi ileile ya kiatu. Yeye huanza na kahawia ya kawaida juu, kisha hushuka nayo ikikolea kidogo kidogo, hadi chini kabisa inakaribia kuwa nyeusi, bila mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo ilipobadilika. "Macho yanatafuta mstari," huniambia. "Yakiukosa, hayajui yaanzie wapi kupima."

Alianza akiwa na miaka kumi na miwili, kwa masizi ya chemni. Mama yangu alikuwa akirudi shule analia, na dada yake akayasugua masizi kwenye soli yake ili mstari usionekane. Soksi zilichafuka, wote wawili wakachapwa, lakini siku ile mama hakulia shuleni. Baadaye mama mkubwa aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikoba, na huko akakutana na chombo kilichomfaa: bomba dogo la chuma la kupulizia rangi kwa hewa, jembamba, linaloshikwa kama kalamu. Yeye huliita kalamu tu. Juu lina kitufe. Ukikibonyeza chini inatoka hewa inayosukumwa na mashine yake, kompresa. Ukikivuta nyuma kwa kidole cha shahada, rangi inafuata. Ukivuta unywele mmoja unapata ukungu, ukivuta zaidi unapata wingu. Kalamu ya kwanza aliyonunua mwenyewe ameitumia miaka ishirini na miwili.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na shahada ya ustawi wa jamii na hasira tele. Nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu, na kazi ya mama mkubwa haikupona.

"Kwa nini mnaficha?" nilimuuliza siku moja, mbele ya Gundi. "Mguu mfupi si aibu. Anayepaswa kubadilika ni anayekodoa macho, si anayevaa kiatu!"

"Amina," Gundi akaitikia. "Tupitishe kapu la sadaka?"

Mama mkubwa hakuinua kichwa. "Harakati," akaniita, ndilo jina alilonibandika, "ni kweli kabisa. Wabadilishe. Ukimaliza kuwabadilisha wote nitaacha kazi hii. Lakini mama yako ana safari ya kwenda kazini kesho asubuhi, na kesho hutakuwa umemaliza. Au unataka awe bango lako la mkutano?"

Nikashika ufagio.

Huko kufagia ndiko kulikonionyesha jambo. Kwenye pipa la taka nilikuta vipande vya ngozi ya majaribio, vingi kuliko kawaida, na kwenye kila kimoja kivuli kilikuwa na madoa, kama ngozi ya chui. Nikaanza kumtazama kwa makini. Kabla ya kushika kalamu alikuwa akiufunga mkono wake wa kulia kwapani kwa muda, kama mtu anayesikia baridi. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba kwenye kiungo. Kubonyeza kiliweza. Kuvuta nyuma kwa unywele mmoja, hapana. Kiligoma, kisha kikaruka kwa ghafla, na rangi ikatoka kwa mafungu.

"Mama mkubwa, kidole..."

"Kalamu imezeeka," akanikata.

"Kalamu au..."

"Nimesema kalamu."

Majuma matatu mbele mama yangu alikuwa anastaafu. Miaka ishirini na sita amekaa mapokezi ya hospitali, nyuma ya kaunta ndefu ya mbao. Nusu ya wafanyakazi wenzake hawajawahi kuiona miguu yake. Siku ya kuagwa angetoka mwisho wa ukumbi, apite katikati ya viti vyote, apande jukwaani kusema neno. Hakutaka viatu vipya. Alitaka vilevile vya kahawia alivyovaa miaka miwili, vibadilishwe mpira wa chini, vitiwe rangi upya. Alivileta mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili.

"Dada, hivi ndivyo vya mwisho nakusumbua."

"Usinichulie," mama mkubwa akamjibu. Lakini mdogo wake alipoondoka alikaa na ule mfuko mapajani muda mrefu bila kuufungua. Kisha akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Hivi nikivikosea, Harakati, naweka chombo chini. Siwezi kumtembeza mdogo wangu mbele za watu na madoa."

Nikaamua kumnunulia kalamu mpya. Nilisoma usiku na mchana, nikalinganisha, nikaandika jedwali. Nilichagua iliyo ghali kuliko zote nilizoweza, yenye sindano nyembamba kuliko zote, nikiamini kwamba wembamba ndio ubora. Nilimkabidhi mbele ya Gundi, kwa hotuba fupi.

Alitia rangi, akabonyeza, akavuta. Ukungu mwembamba mzuri ulitoka, nikajisikia shujaa. Baada ya dakika moja ukakatika. Akaifungua, akaisafisha, akarudia. Ukakatika tena.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Ya kazi ndogondogo za usanii. Wanachorea hata kucha."

Gundi alicheka hadi akaangusha nyundo. "Rangi ya ngozi nzito kama uji unaipitisha kwenye tundu la kucha!"

"Wewe nawe," mama mkubwa akamwambia, "si husema mchagua jembe si mkulima?"

"Nasema. Lakini huyu hakuchagua jembe. Huyu amechagua uma."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikamwomba twende dukani pamoja, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama kichwa changu kisingekuwa kimejaa majedwali. Muuza vifaa alikubali kubadilisha. Akaanza kueleza sifa za kila moja, nami nikafungua mdomo kubishana naye, ndipo nikamwona mama mkubwa yuko mwisho wa kaunta. Alikuwa amefumba macho. Alishika moja, akaiweka. Akashika nyingine, akaiweka. Zote zilikuwa na kitufe juu, na kila akifika kwenye kuvuta, mdomo wake ulijikunja kidogo pembeni.

"Hakuna ya kukamata kwa mkono mzima?" nikauliza.

Muuza vifaa akainama, akatoa boksi lenye vumbi. Ndani kulikuwa na kalamu yenye mpini, inayoshikwa kama kipuliza maji cha kupigia pasi: unaminya kwa vidole vyote, hewa inaanza, ukiendelea kuminya rangi inafuata. Sindano yake ilikuwa nene, ya kupitisha rangi nzito. Kikombe cha rangi kilikaa juu, chenye kifuniko.

Mama mkubwa akaminya. Akaminya tena, taratibu mno, kama anayepima ugumu wa embe. Mdomo haukujikunja.

"Inapiga hewa tupu tu hapa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini nasikia rangi ingeanzia wapi." Akafumbua macho. "Mipira yake ya ndani inavimba ikikutana na dawa ya kusafishia?"

"Haivimbi."

"Apa."

"Mama, mimi muuzaji, siapi."

"Huyu mkweli," akaniambia. "Lipa."

Siku zilizofuata alinifundisha kuitunza, nami kwa mara ya kwanza nilifundishwa jambo bila kubishana. Rangi ya ngozi ikikauka ndani ya kalamu inageuka mpira, kwa hiyo haiachwi hata kwa muda wa kupiga soga. Ukimaliza rangi moja unamwaga, unatia maji, unapuliza kwenye kitambaa cheupe hadi kitambaa kisipate kitu. Kisha unatia dawa ya kusafishia kidogo, unapuliza tena. Sindano inatolewa kwa nyuma, haisukumwi mbele, na inafutwa kuelekea kwenye ncha ikizungushwa. "Ncha ikijikunja hata kidogo, rangi inatema pembeni kama mtoto aliyeng'oka jino." Kidomo cha mbele kinafungwa kwa vidole viwili, kamwe si kwa koleo, maana ni chembamba kinapasuka. Tone moja la mafuta kwenye mwili wa sindano, mbali na ncha. Na kompresa, ile anayoitukana kila asubuhi, lazima itolewe maji tumboni, la sivyo siku moja itakutemea tone la maji katikati ya kazi ya siku tatu.

"Unajua kwa nini naipenda kuliko brashi?" aliniuliza akiwa ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha. "Haigusi kitu. Unamvisha mtu kivuli bila kumgusa."

Jumatano, siku mbili kabla ya mama kuagwa, ilikuwa siku ya kazi. Gundi alishabadilisha mpira wa chini, ngozi ya soli akaiacha ileile. Mama mkubwa akachanganya rangi, nami nikapewa kazi ya kufuta viatu kwa spiriti, ili uchafu na mafuta yatoke kabla ya rangi. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba spiriti inakausha ngozi na kuumiza mapafu ya wafanyakazi, na nilikuwa nimeshatoa mhadhara kuhusu hilo mara mbili. Nikafuta kwa maji ya sabuni, nikakausha vizuri, nikanyamaza. Nilijiona nimemlinda.

Kiatu cha kulia kilikubali rangi vizuri. Akahamia cha kushoto. Akaanza juu, na kahawia ililala kama inavyotakiwa. Mkono wake ulienda na kurudi bila kusita, Gundi mwenyewe akaacha kugonga ili atazame. Kisha akashuka kwenye kivuli.

Rangi ikakataa. Ilijikusanya, ikajitenga, ikafungua vitundu vya mviringo, kimoja hapa, viwili pale, kama macho madogo yanayochungulia. Akaongeza tabaka jembamba. Macho yakafumbuka zaidi.

Akaacha kuminya. Kompresa iliendelea kunguruma peke yake.

"Izime hiyo," akasema.

Nikazima. Aliiweka kalamu kwenye kishikio chake polepole, akautazama mkono wake wa kulia mbele na nyuma, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekaa mno.

"Basi. Si kidole peke yake. Ni mkono mzima umekwisha." Akamgeukia Gundi. "Kesho mtafutie mdogo wangu viatu vya dukani, vya rangi moja. Vyeusi."

Gundi hakutania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akatoka nje kunawa. Nami nikabaki na kile kiatu, nikijua kitu ambacho yeye hakukijua. Nikachukua chupa ya spiriti na pamba, nikafuta kivuli chote, chini kabisa hadi kwenye ngozi. Rangi mpya ilitoka kahawia. Kisha pamba ikaanza kutoka nyeusi, nyeusi yenye utelezi. Nikaisogeza puani. Dawa ya viatu. Ile ya kopo, yenye nta, tabaka juu ya tabaka. Haikuwa imepakwa kiatu kizima. Ilipakwa kwenye kivuli tu, tena kwa viduara viduara.

Chini ya kila kiduara, pamba ilipomaliza, kulikuwa na doa la chui.

Nilielewa taratibu, mimi mwenye shahada. Madoa yale yalikuwa ya miaka miwili iliyopita. Kidole cha mama mkubwa kilikuwa kimeanza kugoma tangu wakati huo. Mama alipokea viatu vyake, akayaona madoa, akashukuru, na tangu hapo amekuwa akiyaziba mwenyewe kwa ncha ya kitambaa, ili dada yake kila akija asiyaone. Nilimkumbuka Jumapili jioni, amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, kopo magotini. Nilidhani anang'arisha.

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ulifuta kwa nini asubuhi?"

"Maji ya sabuni. Spiriti sikutumia. Nisamehe, mama mkubwa. Si mkono wako. Rangi ilikuwa inakataa nta."

Nilijiandaa kwa kofi au tusi, na vyote viwili nilivistahili. Hakuniangalia hata. Alichukua pamba mkononi mwangu, akainusa. Akaisogeza dirishani. Akachukua kiatu, akapitisha kidole chake kile kilichovimba juu ya madoa, moja baada ya jingine, anayahesabu bila sauti.

"Miaka miwili," akasema. "Huyu mtoto huyu."

Mama yangu ana miaka sitini.

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na alipoinua uso nikaona amelia na kucheka kwa pamoja. Gundi akampa kitambaa. Kilikuwa na gundi, kikamganda shavuni, na hapo wote watatu tukacheka hadi tukashika mbavu.

"Nitamwambia leo hii," nikasema. "Nitamwambia unajua. Mambo ya kufichana..."

"Utamwambia nini?" Sauti yake ilikuwa laini. "Amenifichia miaka miwili bila kunivunja moyo hata siku moja, wewe unataka kumpokonya kwa sentensi moja? Harakati, mwanangu, ulimi ni kama hii kalamu. Uoshe, uufunge, uuweke."

Alhamisi akavifuta tena mwenyewe, kwa spiriti, madirisha yote wazi na kitambaa mdomoni, maana kuhusu mapafu aliniambia nilikuwa na haki, nilikosea mahali pa kuidai. Kisha akaminya. Kahawia ikashuka, ikakolea, ikawa giza, na hakuna mahali ungeweka kidole ukasema hapa.

Ijumaa mchana nilikaa naye safu ya mbele. Mama akatokea mwisho wa ukumbi, akaanza kutembea katikati ya viti. Mimi niliyehubiri kwamba watu waone na waache kukodoa, nilijikuta nimekunja ngumi, naomba macho ya ukumbi mzima yasishuke. Hayakushuka. Walikuwa wanautazama uso wake, na uso wake ulikuwa unamtafuta dada yake.

Jumamosi mama mkubwa aliniita karakana. Alikuwa ameosha kichupa cha rangi ya kucha, kile chenye kibrashi kwenye kifuniko, akakijaza rangi ileile ya kivuli, isiyo na nta. Akakifunga kwa vidole viwili.

"Mpelekee mama yako. Mwambie ni ya mikwaruzo."

Nilimkuta mama ukingoni mwa kitanda. Nikampa.

"Mama mkubwa kasema ni ya mikwaruzo."

"Mikwaruzo gani?" Akakifungua, akakichungulia kibrashi, rangi yake, wembamba wa ncha yake. Akanitazama. Nikatazama ukuta. Nina hakika sijawahi kunyamaza kwa nguvu kiasi kile.

"Aa," mama akasema polepole, anakifunga. "Ya mikwaruzo. Mwambie dada asante." Kisha akainama, akalitoa kopo la dawa ya viatu chini ya kitanda, akaniwekea mkononi, na kichupa akakiweka mahali pa kopo.